Nimempa dawa, au bado?

Jumatano usiku mwanangu wa miaka mitatu alipata homa. Nilichukua chupa ya paracetamol huku nikijibu ujumbe wa kazini. Dakika kumi baadaye nilijikuta jikoni, chupa mkononi, nikijiuliza: nimeshampa au bado? Kijiko kilikuwa kimelowa, lakini nilikuwa nimetoka kuosha vyombo.

Mimi huyu ninayewaandikia habari za afya kila wiki!

Mikono ikizoea kazi huifanya yenyewe, akili ikawa kwingine, na usichokizingatia hukikumbuki. Ukiwa unaosha vyombo, utavunja sahani tu. Dawa hii ikizidi huumiza ini, na dalili zinaweza kuchelewa kuonekana. Kati ya dozi na dozi zipite angalau saa 4, na dozi zisizidi 4 ndani ya saa 24.

Sikumpa tena. Nilimpunguzia nguo, nikampa maji, nikahesabu saa 4 kuanzia pale. Asubuhi tulikwenda kupima malaria.

Siku hizi nikishika chupa, simu inabaki chumbani. Natamka kwa sauti: “Nampa mtoto dawa, saa mbili na nusu usiku.” Kisha naandika saa hiyo kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, ili baba yake au dada wa nyumbani asirudie.

Mzazi mwenzangu, huwezi kuwa makini kwa kila jambo kutwa nzima. Anza na hili moja.