Mtoto na muziki: Kagua ukumbi kwanza

Kila Desemba jiji la Chennai, kusini mwa India, hujaa maonyesho ya uimbaji wa Karnatiki. Wazazi wengi hukimbilia mwimbaji mwenye jina kubwa jioni. Lakini kwa mtoto, ukumbi ndio huamua kama atataka kurudi.

Onyesho kubwa huweza kuchukua saa mbili au tatu. Anayeanza apelekwe mchana: kumbi nyingi hazitozi kiingilio saa hizo, na vijana ndio huimba. Akichoka, mnaondoka bila kupoteza fedha.

Kaeni pembeni, karibu na mlango. Sikiliza tambura, ala ya nyuzi inayoshikilia sauti ya msingi. Kama haisikiki, na ngoma ya mridangamu inapasua masikio, spika zimezidishwa. Mtoto hatavumilia, hamia nyuma au tafuta ukumbi mwingine.

Ukumbi ukifaa, mwonyeshe wasikilizaji wanavyohesabu mapigo kwa kiganja pajani, naye aige. Akihitaji kutoka, ngojeni wimbo uishe. Kantini ya dosa ikiwepo, iwe zawadi ya mwisho.