Likasi: Android mpya au iPhone ya zamani? Umeme na laini vina neno

Mkaaji wa Kakontwe, mtaa wa Likasi unaojulikana kwa mawe yake ya chokaa, akitafuta simu janja hujikuta mara nyingi kati ya mbili zisizoachana sana kwa bei: Android mpya ya bei nafuu, kama Tecno, Itel au Infinix, na iPhone iliyokwisha kutumika ng'ambo. Ya pili inang'aa zaidi, na kwa vijana wengi ni heshima mbele za watu. Heshima hiyo ina gharama ambayo muuzaji haitaji.

Kwanza ni umeme. Haut-Katanga ina mabwawa ya Mwadingusha na Koni kwenye mto Lufira, si mbali na Likasi, lakini migodi inavuta sehemu kubwa ya umeme na wakaaji wamezoea SNEL kukata. Hapo batri ndiyo jambo la kwanza kuangalia. iPhone X ya mwaka 2017 ilitoka kiwandani na batri ya 2,716 mAh, na miaka imeshaila. Android nyingi za bei nafuu za leo zina 5,000 mAh. Anayelipa kuchajisha kibandani kila umeme unapokatika atafanya hesabu haraka. Kwenye iPhone, mipangilio inaonyesha afya ya batri: ikishuka chini ya asilimia 80, mnunuzi ahesabu pia bei ya batri mpya.

Pili ni laini. Mshahara unaweza kuingia M-Pesa ya Vodacom, mteja akalipa kwa Airtel Money, na ndugu wa Lubumbashi akatuma kwa Orange Money. iPhone X inapokea laini moja tu. Android nyingi za bei hiyo zinapokea mbili. Kwa mama anayeuza unga na kulipwa kwa simu, tofauti hiyo inazidi uzuri wa kamera.

Hata hivyo, Android hizo si malaika. Yenye RAM ya GB 2 huchoka upesi, na nafasi ya GB 32 hujazwa na video za WhatsApp kabla mwaka haujaisha. Anayepiga picha za harusi kwa ajili ya mkate wake ana sababu ya kweli ya kuchagua iPhone, kwa sababu picha zake bado ni nzuri. Ila ajue kwamba iPhone X iliishia iOS 16, na WhatsApp huacha matoleo ya zamani moja baada ya jingine.

Hatari kubwa iko kwenye simu iliyotumika. Inaweza kuwa imefungwa kwa mtandao wa Marekani au Ulaya, au bado ina akaunti ya mwenyewe wa kwanza, na hapo mnunuzi amenunua kioo. Kabla ya kutoa dola, aweke laini yake mwenyewe na kupiga, aingize akaunti yake, kisha abonyeze *#06# na kulinganisha namba ya IMEI na ile ya kwenye boksi.

Wengine wanaogopa kwamba masharti ya serikali juu ya kobalti, iliyosimamishwa kuuzwa nje Februari 2025 kisha ikawekewa viwango Oktoba, yatapandisha bei ya simu. Batri ya simu ina gramu chache tu za kobalti, kwa hiyo hakuna sababu ya kukimbilia dukani. Ushuru wa RAM nao, uliokata hadi dola 7 kwa mwaka kwa simu za 3G na 4G tangu 2020, uliondolewa 2022.

Kwa asiye na haraka, kuna njia ya tatu: simu ndogo ya vitufe kwa laini ya pesa, kwa kuwa M-Pesa haihitaji intaneti na batri yake hudumu siku kadhaa, na simu janja moja ya wastani kwa WhatsApp na mega.