Kikopo cha makala katika motokari yako

Ndugu mfanyakazi, usikubali fundi atupe kile kikopo cheusi cha motokari yako, eti hakina kazi. Ndani mna makala yenye kunasa mvuke wa esanse unaotoka katika tangi. Moteri ikitembea, kilango kinafunguka, moteri inavuta ule mvuke na kuuchoma. Marekani walilazimisha jambo hilo kwa motokari mpya tangu 1971.

Bila kikopo, mvuke unatoka nje. Ni mzito kuliko hewa: unatambaa chini kwa chini mpaka kwenye mbabula ya mama watoto. Na kitambaa pahali pa kifuniko cha tangi? Mimi nakiita utambi.

Tena, pompi ikisimama yenyewe, usiombe waongeze. Makala yakilowa esanse, kikopo kimekufa.