Sululu Hana Ukorofi

Wapo washairi wa pwani ambao, wakitaka kukiingiza kifo ubetini, humwita ndege aliaye usiku. Lugha yenyewe imewaponza: ndege ni kiumbe, na ndege ni fali. Wala kosa si la pwani pekee; Uingereza ya zamani nayo iliiogopa miluzi saba ya usiku kuwa ni tangazo la msiba.

Mwenye miluzi hiyo ni sululu, ndege wa mdomo mrefu uliopinda kwenda chini, aokotaye kaa matopeni kando ya mikoko ya Bagamoyo. Huangua makinda kaskazini ya mbali, Skandinavia hadi Siberia; Agosti na Septemba wengi huwasili pwani, na Aprili hurejea. Husafiri hata usiku, na gizani sauti ndiyo kamba ya kundi. Miluzi yake ni kama 7, ya kimo kimoja, yenye nafasi zinazolingana, kisha kimya.

Basi sikio lililofunzwa kuhesabu mizani 8 za mshororo wa utenzi linashindwaje kuhesabu 7? Mwaka 1959, Richard Graber na William Cochran walieleza, huko Marekani, namna ya kunasa sauti za wahamaji wa usiku kwa mashine. Mshairi amepewa sikio. Akisikia mpango akauita mkosi, hakutunga. Amekariri woga wa wengine. Na nani ataitetea mikoko kwa ajili ya mkosi?

Anayebisha na aende ufukoni Aprili, usiku wa kimya, akahesabu.