Panga la Haraka Halina Uzito

Msimu wa korosho ukiwadia, vijana wa kwetu Kiegei waliohamia Dar es Salaam hurudi kuwasaidia wazazi kuokota, na ndani ya mabegi yao huja na hukumu za mjini. Hukumu ya msimu huu niliisikia kwenye banda la gemu pale Nachingwea. Nilikuwa nimeuliza tu kama wana gemu yoyote ya majoka na wachawi ambayo watu hupigana kwa zamu. Kijana mmoja akanijibu bila hata kuinua macho kwenye pedi: “Hizo za kusubiriana zilishakufa, mzee. Siku hizi ni spidi tu.” Banda zima likacheka. Mimi sikucheka, na bado sijacheka.

Imani hii imeenea kama kwekwe. Ukizungumzia gemu za falme za kubuni, zile wachezaji wanaziita RPG, utaambiwa kwamba uzuri wa pambano hupimwa kwa idadi ya mapigo kwa sekunde. Shujaa akizunguka kama feni, gemu ni kali. Shujaa akisimama kufikiri, gemu ni ya kizamani. Huo ni upuuzi, na wanaoueneza hawajui hata mchezo uliowalea.

Mchezo huo ni bao. Nenda chini ya mwembe wowote kuanzia Kiegei hadi Ruangwa, utawakuta watu wameinamia ubao wenye mashimo 32 na kete 64. Hakuna anayerukia zamu ya mwenzake. Katika kunamua, yaani hatua ya kuanzia, kila mchezaji ameshika kete 22 mkononi, anaziingiza moja moja, na kila moja ni uamuzi wenye deni. Kisha mtu anaanza kula, kete zinazunguka, zinaangukia shimo lenye kete, zinachotwa tena, zinazunguka tena, na mpinzani ametulia anatazama nyumba yake ikibomolewa. Mzunguko mmoja unaweza kuchukua muda mrefu kuliko pambano zima la hao wazungusha mapanga. Je, umewahi kumsikia mtazamaji akisema “peleka mbele”? Thubutu! Watazamaji wanahesabu kimoyomoyo, wanaguna, mmoja ameshaona kete ya mwisho itakapolala na anauma midomo ili asiropoke. Raha yote iko hapo, katika kusubiri janga unaloliona linakuja.

Sasa chukua Final Fantasy VII ya mwaka 1997. Ukiuita msaada ule mkubwa kuliko yote, wanatokea mashujaa 13 wa meza ya duara, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na pigo lake, na onyesho linapita dakika nzima. Vijana wa spidi wanalicheka. Mimi nasema waliolichora walikuwa wanafahamu jambo ambalo wacheza bao wanalifahamu: pigo kubwa lazima lipewe nafasi ya kuogopwa.

Na hili si suala la ladha yangu tu, ni kanuni ya ufundi. Mwaka 1981 wachoraji wawili wakongwe wa Disney, Frank Thomas na Ollie Johnston, walichapisha kitabu kilichotaja kanuni 12 za katuni. Mojawapo inahusu matayarisho: kabla mhusika hajarusha ngumi, mkono lazima urudi nyuma kwanza. Ukiondoa kule kurudi nyuma, jicho halioni nguvu, linaona kitu kimehama tu kutoka hapa kwenda pale. Watengenezaji wa Street Fighter II ya mwaka 1991, gemu ya ngumi tupu, waliligundua hilo pia: ngumi ikitua, picha inaganda kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Wapiganaji wote wawili wanasimama. Ni kule kusimama kunakoifanya ngumi iume. Hata mabingwa wa kasi walilazimika kuisimamisha kasi ili kitu kihisiwe!

Tazama Dark Souls ya mwaka 2011, kazi ya Hidetaka Miyazaki na wenzake wa FromSoftware. Ukinyanyua lile panga kubwa, umenyanyua. Huwezi kughairi katikati. Mwili unavutwa na uzito wa chuma, na kama ulikosea hesabu, adui anakukuta kifua wazi. Elden Ring ya mwaka 2022 ilifuata njia hiyohiyo, na ndani ya wiki tatu ziliuzwa nakala zaidi ya milioni 12. Wote hao walionunua ni wazee?

Hapo ndipo watetezi wa spidi wanapotoa hoja yao waipendayo: “Lakini kwenye vita vya kweli hakuna anayesubiri zamu.” Jamani! Mtu amebeba mikuki 30 na magunia ya dawa bila hata kikapu, amekunywa chupa moja ya maji mekundu na jeraha la tumbo limefunga, anapigana na joka linalotema moto, halafu anakuja kunidai uhalisia? Na kama ni vita vya kweli, babu zetu wa kusini waliopigana Maji Maji mwaka 1905 hadi 1907 wapo waliokuwa na magobole. Gobole unalimiminia baruti mdomoni, unashindilia kwa fimbo, unatia risasi, unashindilia tena, ndipo unaelekeza. Huku adui anakuja. Hakuna kitu cha zamu kwa zamu kuliko gobole. Muulize yeyote anayewawinda nguruwe pori mashambani atakueleza jinsi moyo unavyodunda kati ya risasi ya kwanza na ya pili.

Mwaka 2022, Naoki Yoshida, mtayarishaji wa Final Fantasy XVI, alieleza kwamba vijana wengi wa leo hawaoni mantiki ya kupigana kwa kuchagua amri. Gemu yake ikatoka Juni 2023 ikiwa ya mapigano ya kasi moja kwa moja. Agosti mwaka huohuo ikatoka Baldur’s Gate 3 ya Larian, Wabelgiji, gemu ya zamu kwa zamu na ya kurusha dadu, na ndiyo iliyobeba tuzo ya gemu ya mwaka kwenye The Game Awards. Mwaka 2025 Wafaransa wa Sandfall kutoka Montpellier wakaleta Clair Obscur: Expedition 33, nayo ya zamu, ikauza nakala milioni moja kwa siku tatu na kubeba tuzo hiyohiyo. Watanirukia: “Lakini ile ina kukwepa kwa haraka!” Ndiyo, unakwepa, na unawezaje kukwepa? Kwa kumsoma adui anapojivuta, anaposita, anapokudanganya kwa kuchelewa. Mmekuja kuniletea ushahidi wangu mwenyewe.

Najua ugonjwa huu ulikotoka. Kwenye mabanda yetu mtoto analipia mechi, mechi ni mpira, na mpira ni dakika chache, kisha anang’olewa pedi mkononi. Amelelewa kwa saa ya mwenye banda. Akikua anapewa simu, na WhatsApp tangu mwaka 2021 inamruhusu kusikiliza ujumbe wa sauti kwa kasi maradufu. Basi anamsikiliza mama yake mzazi, aliyeanza kwa kumuulizia afya, akitweta kama mtangazaji wa mpira. Salamu za nyumbani zinakimbizwa! Halafu jambo linalostahili kweli spidi hakuna anayelishughulikia. Tunapeleka korosho ghalani, mnada unapita, na pesa inakuja kwa mwendo wa kinyonga. Hapo sijawahi kumsikia kijana wa mjini akipiga kelele “spidi tu”. Kasi yake yote ameimalizia kwenye dole gumba.

Linaloniuma zaidi ni Waafrika wenzetu kuingia mtego huu. Kiro’o Games wa Cameroon walitoa Aurion mwaka 2016: dunia nzuri, michoro ya kupendeza, nasaba na urithi wa mababu, kisha pambano likianza, ni tufani ya rangi ambayo jicho haliwezi kushika. Mwaka 2024 Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, alituletea Tales of Kenzera: Zau, hadithi ya kijana anayetaka baba yake arudishwe kutoka kwa Kalunga, mungu wa kifo. Salim aliitengeneza akiomboleza baba yake mwenyewe. Zau ana vinyago viwili, cha jua na cha mwezi, na anaruka huku na kule kama mpira wa kitenesi akivibadilisha. Lakini muulize aliyeicheza nini kimebaki moyoni. Atakutajia mbuyu ambao Zau anakaa chini yake na kuzungumza juu ya msiba. Msiba haukimbizwi. Kwa nini basi mapambano yake yakimbizwe?

Kwa hiyo nawaambia vijana wetu wanaojifunza kutengeneza gemu, wa Dar es Salaam, Nairobi na kwingineko: msiwaige hao wazungusha feni. Mna mchezo mzima wa zamu chini ya mwembe, wenye kanuni ngumu kuliko nusu ya gemu zinazouzwa duniani, na mna vita vya magobole ambavyo hakuna aliyevichora ipasavyo. Mpeni mchezaji adui anayenyanyua silaha taratibu, mpeni muda wa kujuta kabla hajapigwa. Na yule ambaye dole gumba lake haliwezi kutulia hata sekunde mbili, asitulazimishe wote kukimbia naye. Gemu za mbio za magari zimejaa tele, akacheze hizo.