Nani kasema cherehani ni ya walioshindwa shule?

Nimekuwa kimya, kazi za gazetini zilinibana, na juu ya kazi kulikuwa na kesi ya nyumbani ambayo mpaka leo haijaisha. Nimeamua kuileta hapa kwa sababu naamini si kesi ya kwetu peke yetu.

Dada yangu anataka kuacha kazi. Ana stashahada ya uhasibu, ana ajira yenye mshahara wa uhakika kila mwisho wa mwezi, na anataka kuiacha ili afungue duka la vitambaa lenye mafundi cherehani humo humo ndani. Duka la kisasa, ndivyo anavyosema. Ameweka akiba kwa miaka minne. Zimepungua milioni mbili, na hizo milioni mbili kaziona kwangu, kwenye pesa ninayodunduliza kwa ajili ya kiwanja.

Mama kasikia, kagoma. Mama yetu mwenyewe ni fundi. Ile Butterfly ya kukanyaga kwa mguu iliyokuwa barazani kwetu Morogoro ndiyo iliyolipa ada zetu, na sare zetu alizishona usiku, baada ya kumaliza za watoto wa watu. Alichomjibu dada ni kifupi tu: "Mimi nilishona ili ninyi msishone."

Na mimi, msomi wa familia, nilikuwa upande wa mama. Naliweka hili wazi mapema ili msidhani nimekuja kuhubiri. Nilimwambia dada kwamba watu hawasomi uhasibu ili wakapime viuno vya watu. Maneno hayo niliyasema nikiwa nimevaa suruali iliyopunguzwa na fundi.

Tuwe wakweli, jamani. Sisi tuliopita vyuoni tunahudhuria semina za ujasiriamali, tunakunywa chai yao, tunapiga makofi mtu akisema vijana wajiajiri. Lakini tukimwona mwenzetu tuliyesoma naye yuko nyuma ya cherehani, tunamwonea huruma. Mwenye cherehani moja kibarazani Manzese tunamwita fundi, na sauti inashuka kidogo. Mwenye cherehani moja hiyo hiyo na akaunti ya Instagram tunamwita dizaina. Kazi ni ile ile, mkasi ni ule ule.

Basi dada akaniomba kitu kimoja: nimsindikize Jumamosi tatu kutafuta picha ya duka lake, halafu nikitaka kukataa nikatae. Nikakubali.

Picha alizokuwa nazo kwenye simu nyote mnazijua. Kuta nyeupe, majora yamepangwa kwa rangi kama upinde wa mvua, meza kubwa ya mbao ya kukatia, taa zinazoning'inia, na pembeni mashine ya kahawa. Nilimuuliza kahawa ataiuza yadi ngapi. Hakucheka.

Tukaenda Kariakoo, Mtaa wa Uhuru, kwenye khanga na vitenge. Pale hakuna ukuta mweupe. Pale kuna kelele, mikokoteni, na majora yamesimamishwa mpaka mlangoni. Lakini nilijifunza mambo ambayo chuo hakikunifundisha. Muuzaji mmoja, mzee wa makamo, dada alimuuliza kama kitambaa alichoshika ni pamba tupu. Mzee hakuapa. Alichomoa nyuzi mbili pembeni, akawasha kiberiti. Uzi ukaungua kama karatasi, ukanukia karatasi, ukaacha majivu laini yaliyopukutika. Akachukua uzi wa jora la pili. Huo haukuungua, uliyeyuka ukajikunja, ukaacha kidonge kigumu cheusi. "Hii ni poliesta," akasema, "mwingine atakuambia pamba." Shule nzima ya vitambaa ndani ya nusu dakika, tena bure.

Dada akanunua kwake. Ndipo nilipoanza kuiangalia ile safari kwa macho mengine: picha za simu haziwezi kukuonyesha mtu anayekuchomea uzi.

Sasa niwape kisa changu, maana ndicho kilichonigeuza. Rafiki yangu alikuwa anaoa. Fundi wangu akaniambia nilete mita mbili na nusu za kitambaa cha bluu kwa shati la mikono mirefu. Nikanunua "mbili na nusu" mtaani, wala sikuuliza mbili na nusu za nini. Kumbe nimepimiwa kwa yadi. Yadi moja ni sentimita 91 na kitu, kwa hiyo nilipungukiwa sentimita 21. Mtasema ni kidogo. Sentimita 21 ndizo kola yangu! Asubuhi ya harusi, baada ya "njoo kesho" nne, nikakabidhiwa shati la bluu lenye kola nyeupe iliyotoka kwenye kipande cha mteja mwingine. Ukumbini watu wawili waliniuliza fundi wangu ni nani, walidhani ni mtindo. Nikawaambia jina lake huku nimenuna.

Na hapo mimi ndiye mwenye elimu. Fikiria anayenunua doti au kitenge kwa ajili ya sare ya watu kumi. Kitenge cha yadi sita ni takriban mita tano na nusu. Ukidhani umenunua mita sita, umekosa nusu mita nzima kabla mkasi haujagusa kitu. Bado hujaongelea pamba inayorudi ikifuliwa mara ya kwanza. Fundi anayejua hulowesha kitambaa kabla ya kukata. Asiyejua, au aliyezidiwa na kazi, hukata hivyo hivyo, na gauni linakuwa fupi baada ya kufuliwa, ugomvi unaanza. Muuzaji anasema kitambaa kilikuwa kizima. Fundi anasema nimeshona nilicholetewa. Mteja amesimama katikati, pesa kalipa kwa wote wawili, na hana wa kumdai.

Nilimrudia yule fundi wangu, safari hii nikiwa mwandishi na si mteja. Nikamuuliza kwa nini anasema njoo kesho wakati anajua kesho haiwezekani. Alinijibu bila aibu. Msimu wa Idi, Krismasi na harusi watu wanakuja mfululizo. Akimkataa mmoja, huyo anavuka barabara kwenda kwa jirani na harudi tena. Kwa hiyo anapokea wote. Kianzio cha huyu kinanunua uzi na zipu za yule wa juzi, na kinachobaki ni kodi ya kibanda. Hana namna ya kusema "nimejaa" kwa sababu pesa anayoipata ni ya ushonaji tu, na kila kazi anayoikataa ni chakula kilichopotea. Uongo wa mafundi, ambao tunaufanyia utani kila siku, una hesabu ndani yake.

Ndugu zangu, nadhani jibu la dada liko hapo, na nilimwambia hivyo. Duka lake likiuza kitambaa na kushona pamoja, faida ya kitambaa ndiyo itakayompa fundi wake uwezo wa kusema hapana. Mafundi wawili wanaweza kutoa nguo kadhaa tu kwa wiki. Idadi hiyo iandikwe kwenye daftari, na ikijaa mteja aambiwe wiki ijayo, huku akiruhusiwa kununua kitambaa na kukiacha pale pale. Duka linampima mteja kwanza, ndipo linamuuzia kitambaa kinachomtosha, si pungufu wala si zaidi. Kikipungua ni kosa la duka. Hapo katikati ambapo mimi nilisimama na kola nyeupe shingoni panakuwa hapana mtu. Kwa maoni yangu usasa ndio huo, na taa za kuning'inia zinaweza kusubiri mwaka wa pili.

Kuna watakaosema nadharau muonekano. Hapana. Ila tazameni yaliyowapata Joann kule Marekani. Ilianza mwaka 1943 ikiwa duka moja la vitambaa jimboni Ohio, ikakua hadi kufikisha maduka yapatayo 800. Rafu ndefu, meza za kukatia, kila kitu alichonacho dada kwenye simu yake. Wakati wa Korona watu waliposhona barakoa nyumbani biashara ilipanda. Kisha ikashuka, madeni yakalemea, na bidhaa za kujaza rafu zikaanza kukosekana. Machi 2024 waliomba ulinzi wa mahakama kama kampuni iliyofilisika, Januari 2025 wakarudia tena, na kufikia mwisho wa Mei 2025 maduka yote yalikuwa yamefungwa. Anayeingia duka la vitambaa na kukuta uzi wa rangi yake umekwisha, hata kuta ziwe nyeupe namna gani, atatoka.

Wa kujifunza kwao wapo karibu zaidi. Nendeni Mombasa, Mtaa wa Biashara, muulize habari za "Mali ya Abdulla". Ni duka la khanga lililoanza mwaka 1887, na jina hilo huchapwa kwenye khanga yenyewe, karibu na maandishi. Bibi zetu wengine walijua kusoma maneno machache tu, lakini hilo walilitambua. Walilitafuta kwa sababu walijua rangi haitachuja siku ya kwanza. Zaidi ya karne moja, jina ndilo linalouza.

Hata Singer, tunayoijua kama jina la cherehani, haikutajirika kwa ubora wa mashine peke yake. Miaka ya 1850 walianza kuwaruhusu wateja kuchukua mashine na kulipa kidogo kidogo. Dada amelichukua wazo hilo kwa namna yake. Mwenye harusi mwezi wa kumi na mbili aanze kulipia kitambaa mwezi wa nane, na jora lake liandikwe jina na kuwekwa pembeni. Yeye ni mhasibu, daftari halimpigi chenga. Ndipo nilipogundua kwamba ile stashahada niliyodhani anaitupa ndiyo itakayoliendesha duka.

Najua mtauliza kuhusu mitumba. Swali zuri. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa ifikapo 2019, Marekani ikatishia kupitia AGOA, na nchi zetu zikarudi nyuma moja baada ya nyingine. Rwanda iliposhikilia msimamo ikasimamishwa mwaka 2018 kuuza nguo zake Marekani bila ushuru. Kwa hiyo asitokee mtu akamdanganya dada kwamba mitumba itaondoka ili yeye auze. Kwa bei hawezi kushindana nayo, asijaribu. Lakini mtumba ulikatwa kwa mwili wa mtu wa mbali. Muulize mwanamke yeyote mwenye nyonga za kwetu suruali ya mtumba inavyomkaa kiunoni. Na hakuna anayekwenda kutafuta sare ya kamati ya harusi kwenye marobota.

Kinachonitisha kweli ni fremu. Kariakoo tuliulizia moja ndogo kuliko chumba changu. Wanataka kilemba kwanza, kisha kodi ya mwaka mzima mbele. Ukilipa hivyo, akiba ya miaka minne inaishia kwenye kuta, huna hata jora moja. Mimi ushauri wangu ni aondoke huko, aje Sinza au Mwenge, ambako wateja wanaishi na wanapita jioni wakitoka kazini, na Kariakoo iwe ya kununulia mzigo tu. Yeye bado inamuuma, anasema jina la Kariakoo peke yake ni tangazo. Hapo hatujaelewana.

Jumapili iliyopita tulikwenda Morogoro, nikampa mama hoja zote. Nilizungumza sana, kama kawaida yangu. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama najua kwa nini hakutaka tushone. Nikasema kwa sababu ya umaskini. Akasema hapana, ni mgongo, na watu wasiolipa. Miaka yote ile kuna nguo zilizochukuliwa kwa ahadi ya mwisho wa mwezi na mwisho wa mwezi haukufika. Zingine za majirani tunaosalimiana nao mpaka leo. Halafu akamgeukia dada: "Huko kwako mtu atachukua nguo kabla ya kulipa?"

Dada akasema hapana, mama, hata awe nani.

"Hata shangazi yako?"

Dada akanyamaza kidogo. Akasema hata shangazi.

Mama hakusema amekubali. Aliinuka akaenda kuangalia sufuria jikoni, akarudi akauliza kiti cha fundi kitakuwa na mgongo au kigoda kama chake. Dada alikuwa hajafikiria. Usiku ule kwenye basi akafungua daftari, akaongeza viti viwili vyenye mgongo, na ile mashine ya kahawa akaikata kwa mstari.

Milioni mbili nimempa. Kiwanja kitasubiri. Tumeandikishana, si zawadi, na tarehe ya kuanza kunirudishia imewekwa. Jumamosi hii tunakwenda kuangalia fremu Mwenge, ghorofa ya chini, ina dirisha upande wa mashariki. Kama kuna mdau aliyewahi kupanga maeneo yale na anajua umeme wao ukoje, naomba aniambie kabla hatujalipa, maana mashine ya ovaloki haikanyagwi kwa mguu.