Ukili wa Jumamosi Alasiri



Mwisho wa wiki katika nyumba zetu za pwani una mwendo wake. Ijumaa ina heshima yake ya kuoga, kufukiza udi, khutba na chakula cha mchana kinachokusanya jamaa. Jumamosi asubuhi ni ya kufua, ya soko, ya watoto kwenda na kurudi chuoni. Kisha hufika ile saa ya baada ya sala ya alasiri, kivuli kimeshajaa uani na upepo wa bahari umeanza kuingia, kazi za mchana zimekwisha na za usiku hazijaanza. Saa hiyo ndiyo tunayotaka kuizungumzia leo, kwani tunaona inatuponyoka, nayo haiendi peke yake.

Bibi zetu waliitumia saa hiyo kwa mikono yao. Huyu ana ukili mapajani, yule ana kofia na sindano, mwingine anatunga vikuba vya asumini na mrehani kwa ajili ya harusi ya usiku. Mazungumzo yalikuwa yakiendelea, kahawa ya tangawizi inapita, na watoto wameketi pembeni wakiokota vipande vilivyoanguka na kujaribu kuiga. Hakuna aliyeiita hali hiyo sanaa, wala darasa. Leo tukiketi pamoja saa hiyo, kila mmoja ana simu yake. Hatusemi simu ni mbaya. Safu hii hii huandikwa kwenye simu. Tunalosema ni kuwa saa mbili za simu zikimalizika, mkono hubaki mtupu na moyo nao haujapumzika.

Yuko mama mmoja mtaani kwetu, ambaye hakupenda tumtaje jina, mwenye watoto wanne na kazi ya hesabu ofisini siku 5 za wiki. Jumamosi na Jumapili, baada ya alasiri, hutandika jamvi uani na kuchukua kazi yake ya mkono. Wiki moja ni ukili, wiki nyingine ni leso kuukuu ambazo huzikata zile sehemu zilizo nzima, akaziunganisha kuwa foronya au mfuko wa kutilia msahafu. Katika kuzikata huwa mwangalifu sana na jina la leso. Yale maneno hayapasui katikati; huyaacha yakae mahali yatakaposomeka, na mara nyingi ndiyo yanayoamua mto ule atapewa nani. Leso ya fumbo kali haipelekwi kwa wifi.

Tulipomtembelea alikuwa akitengeneza kawa, lile la kufunikia sinia ya chakula. Kazi yenyewe huanza mbali kabla ya kusuka. Majani huchaguliwa: ukindu ni laini na hufaa kwa mikeka mizuri ya kulalia na misala, miyaa ni migumu zaidi, nayo hufaa kwa vikapu na majamvi. Huanikwa juani mpaka yakageuka rangi, kisha hupasuliwa kuwa chane za upana mmoja. Hapo ndipo anayejifunza hupoteza subira, kwa maana chane zisipolingana ukili hupinda, na ukili uliopinda hauwezi kushonwa ukakaa sawa. Zile za rangi hutiwa katika maji yanayochemka pamoja na unga wa rangi, zikageuzwageuzwa, zikatolewa na kuanikwa kivulini. Siku ya kusuka hurashiwa maji kidogo, kwa sababu jani kavu huvunjika linapokunjwa na jani lililolowa mno hunywea baadaye likaacha matundu.

Kusuka kwenyewe, kwa aliyekwisha kuzoea, hakuhitaji macho. Vidole hujua. Mama huyu alisuka akizungumza nasi, akimsahihisha mwanawe anayesoma juzuu, akiitikia salamu ya jirani, na ukili ukizidi kurefuka miguuni pake kama maji yanayotiririka polepole. Ukishatimia pima za kutosha, ndipo huanza kushonwa, ukingo kwa ukingo, kwa sindano kubwa. Tulimwuliza anafikiri nini muda wote huo. Akacheka, akasema hafikiri kitu, na kwamba hiyo ndiyo faida yake.

Jirani aliyekuwapo akamwambia, "Mbona huuzi, dada? Watalii wangekununulia hizi kwa bei."

Akajibu, "Nimeuza mbili tatu. Lakini hili si la kuuza. Hili ni la khalati yangu, amehamia nyumba mpya."

Maneno hayo yametukaa, kwa sababu siku hizi mtu akionyesha kipaji chochote, swali la kwanza ni lile la jirani. Ukioka mkate wa mofa mzuri, waambiwa ufungue oda. Ukipaka hina vizuri, waambiwa uweke picha na bei. Tunajua hali ya maisha, na tunajua kuwa nyumba nyingi zinasimama juu ya sindano ya mwanamke; hatuwezi kumlaumu anayeuza. Hata hivyo tunaona kuna hasara mtu anapokosa jambo moja katika wiki yake alifanyalo kwa raha yake tu, au kwa kumpendeza mtu ampendaye. Kazi iliyogeuzwa oda ina tarehe, ina mteja, ina malalamiko. Raha ya Jumamosi hugeuka kuwa Jumatatu ya pili.

Na dini yetu haikuiona kazi ya mkono kuwa mlango wa riziki peke yake, ingawa ni mlango mtukufu, kwani tumefundishwa kuwa hakuna chakula bora kuliko kile mtu alichokipata kwa kazi ya mikono yake, na kwamba Nabii Daud (AS) alikuwa akila kwa kazi ya mkono wake. Katika Sahihi ya Imam Bukhari imo habari ya mwanamke aliyemletea Mtume (SAW) nguo yenye pindo, akamweleza kuwa ameifuma kwa mkono wake ili amvishe yeye. Mtume akaipokea naye alikuwa akiihitaji, akatoka ameivaa. Mtu mmoja akaisifia na kuiomba, naye akampa. Watu wakamlaumu mwombaji, kwani walijua Mtume hamrudishi aombaye. Yule mtu akasema hakuitaka ili aivae bali iwe sanda yake, na kweli ikawa sanda yake. Jina la mwanamke yule halikutajwa katika habari hiyo. Nguo aliyoifuma katika saa zake za faragha ilivaliwa na mbora wa viumbe, kisha ikamfuata muumini kaburini.

Na Bi Zaynab bint Jahsh (RA), mama wa waumini, sifa yake iko wazi. Mtume (SAW) aliwaambia wakeze kuwa atakayemfuata mapema ni yule mwenye mkono mrefu kuliko wenziwe. Wakawa wakipimana mikono. Bi Aisha (RA) ndiye aliyesimulia kuwa mwenye mkono mrefu alikuwa Zaynab, kwa sababu alikuwa akifanya kazi kwa mkono wake na kutoa sadaka. Alikuwa fundi wa kusindika ngozi na kushona. Akafariki mwaka wa 20 Hijria, wa kwanza miongoni mwao baada ya Mtume. Urefu wa mkono ulikuwa katika kutoa, na kilichotolewa kilitoka katika ngozi na uzi.

Sasa tuseme na wanaouza, kwa kuwa wao wana haki yao na haki hiyo inaliwa. Chukua kofia ya mkono, zile za vito zilizoipatia Lamu sifa. Ina sehemu mbili, kisahani cha juu na ukanda wa kuzunguka. Nakshi huchorwa kwanza juu ya kitambaa, kisha vitundu vidogo vidogo hutobolewa, na kila kitundu huzungushiwa uzi, kimoja baada ya kimoja, mpaka kitambaa kizima kimejaa. Kofia nzuri huchukua majuma, na ile ya kazi nyembamba kabisa huchukua miezi. Msimu wa Maulidi na wa Idi ukifika, mnunuzi huishika, akaigeuza juu chini, akaifananisha na ile ya mashine iliyotoka ng'ambo, akataja bei inayokaribia hiyo. Mshonaji, kwa kuwa Idi ni kesho na watoto hawana nguo, hukubali. Au mchuuzi huichukua kwa mkopo, akaahidi kulipa ikinunuliwa, na siku zikapita.

Ushauri wetu kwa dada zetu ni mwepesi, lakini wachache huufuata. Wekeni daftari. Andikeni kitambaa kimegharimu kiasi gani, na uzi, na kila mnapoketi kushona andikeni saa mlizoshona. Kazi ikimalizika, gawanyeni bei mnayopewa kwa saa hizo, mlinganishe na ujira wa kibarua wa kutwa mtaani kwenu. Wengi watashituka. Bei ikiwa chini mno, ni bora kofia ile ukampa kaka yako au mume wako aivae msikitini, ukapata shukrani na dua, kuliko kumwachia asiyejua thamani yake. Na kwa wanunuzi: anayeipenda kofia ya mkono ajue kuwa ananunua miezi ya macho ya mtu. Akishindwa na bei, si aibu kuvaa ya mashine.

Jambo la watoto linatusumbua zaidi. Mtaala wa sasa wa shule unawataka watoto wafanye kazi za mikono, na kusuka ni miongoni mwazo. Hii ingekuwa furaha kwetu sisi watu wa pwani, kwani mwalimu yumo nyumbani. Lakini tumewaona wazazi Jumapili usiku wakihangaika kutafuta kikapu cha kununua ili mtoto akipeleke shuleni Jumatatu kama kazi yake. Mtoto amefundishwa mambo mawili kwa mpigo: kudanganya, na kwamba ujuzi wa bibi yake hauna haja. Wakati huo huo bibi yuko chumba cha nyuma, vidole vyake bado vinakumbuka, na hakuna aliyemwomba. Bibi huyo akiitwa na Mola wake, ukili wake wa nakshi, pamoja na majina ya nakshi zile, vitakwenda naye. Havikuandikwa popote.

Wala wavulana wasiachwe nje. Lamu wanaume huketi barazani wakishona kofia, na hakuna anayewaona wamepungukiwa na kitu. Na Bi Aisha (RA) alipoulizwa Mtume (SAW) alikuwa akifanya nini nyumbani, miongoni mwa aliyoyataja ni kuwa alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake. Kijana anayeweza kushona kifungo chake amepata sunna, na mkewe wa baadaye amepata afueni.

Yuko atakayeuliza, saa yenyewe itoke wapi? Swali ni la haki. Mama aliyepika, aliyefua na aliyeogesha watoto hana alasiri ya kuketi isipokuwa amepewa. Tunawaomba waume zetu jambo dogo: Jumamosi moja kwa wiki mbili, wachukueni watoto muende nao pwani au sokoni kuanzia alasiri hadi karibu na magharibi. Na dada zetu, mkipewa saa hiyo msiitumie kupiga pasi.

Kwa anayetaka kuanza wikendi hii na hajawahi kushika ukili, anunue mzigo mmoja mdogo wa miyaa iliyokwisha kukaushwa. Kwa wauza mikeka na vikapu sokoni mara nyingi hupatikana. Asianze na rangi. Achague chane 5 zilizolingana upana, azirashie maji na kuzifunika kwa kitambaa kibichi kwa muda, kisha azifunge upande mmoja na kuuweka chini ya kidole cha mguu, kama bibi zetu walivyofanya. Chane ya nje kulia ipite juu ya jirani yake na chini ya inayofuata, mpaka ifike kati. Kisha ya nje kushoto ifanye hivyo hivyo. Asivute kwa nguvu. Jani linapokaribia kumalizika, achomeke jipya juu yake kabla halijafika mwisho, ncha aikate baadaye. Pima ya kwanza itapinda, nayo inafaa kuwa kitu cha kuwekea sufuria ya moto. Ya pili itakuwa bora.

Wiki ijayo, in shaa Allah, tutaeleza namna ya kutia rangi bila ya chane kubabuka. Mwenye bibi anayejua majina ya nakshi za ukili za zamani na atuandikie, tuyachape hapa pamoja na mtaa yanakotoka.